Shusha Visigino

Pasua, Moshi, saa tano, matope hayajakauka,
nami nimebeba begani ubao wa kupimia urefu
kama fundi aliyeitwa kuja kutengeneza mlango
kwenye nyumba iliyotundika gunia.

Hodi yangu ya tatu hii.
Ya kwanza mwaka juzi. Ya pili masika,
maji ya mashamba ya mpunga yakiwa yamefika jikoni.
Mama Elinami ananijua sasa, ananiita "wewe wa maswali",
ananifutia kigoda kwa pindo la kanga,
anarudi kwenye maharage ya watu wa soko la Mbuyuni:
mazima huku, mabovu kule,
gunia zima kwa buku.

Nasoma kwenye kishikwambi.
Jana mtoto alikula mara ngapi?
"Jana ipi? Jana niliyolipwa, au jana yenyewe?"
Jana, nasema. Iliyopita.
"Andika mbili. Moja ilikuwa chai."
Chai tupu si mlo, mwongozo unasema, ukurasa wa kumi na nne.
Mwongozo huo niliuandika mimi na wenzangu,
Dodoma, ukumbini, tukila mara tano kwa siku.

Je, kila mtoto ana jozi yake ya viatu?
Ndiyo. Hapana.
Anacheka. Elinami anasoma asubuhi, Nakundwa mchana,
wanakutana kwenye kidaraja cha mbao,
huyu anavua, huyu anavaa,
mdogo anasokota gazeti anajaza mbele.
"Viatu vyenyewe havijakosa shule hata siku moja."
Nikatafuta kisanduku cha daraja. Hakuna.
Nikabonyeza Hapana.

Ndipo naye akauliza la kwake, bila kuinua macho:
"Ng'ambo ya mfereji wanapokea. Kila miezi miwili.
Mama Kirenga ameshaezeka bati.
Sisi tulikosea wapi?"

Hamkukosea. Mitaa ilichaguliwa na kompyuta,
kama mtu anayechanganya karata amefumba macho.
Ninyi ni kundi la kulinganisha:
tunawatazama msiopata
ili tujue waliopata wamepata nini.
Nimelisema hilo mara mia, kwa slaidi.
Siku ile nililisema kwenye kigoda
nikasikia linavyosikika.

Bovu. Zima. Bovu.
"Kwa hiyo njaa yangu ina kazi."

Hoja ninayo. Nimeitetea mbele ya wenye tai:
bila nyumba hizi, bajeti ijayo watasema
hela zile ziliteketea bure,
na bomba litafungwa kwa wote, hata kwa Mama Kirenga.
Ni kweli. Nilikuwa nao, ukweli wangu,
umekaa kati yetu kama mgeni asiyekaribishwa chai.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kuna anayeambiwa ashike kibaba tu,
apime cha wenzake.

Tukasimamisha ubao ukutani.
Nakundwa, miaka sita, akavuta pumzi,
akaegemeza kisogo, akanyoosha shingo,
na taratibu, akidhani sioni,
akapanda juu ya vidole vya miguu.
Aliyedumaa ndiye tunayemtafuta.
Yeye anaamini mrefu ndiye anayepita.

Shusha visigino, nikasema.
Akashusha kimoja.
Na hicho kingine.
Akashuka, sentimita nne zote, mbele ya mama yake.

Mia moja na tatu, nukta moja.
"Nimefaulu?"

Kengele ya shule ikalia kwa mbali, akasahau kungoja jibu,
akakimbia peku kuelekea darajani
ambako viatu vilikuwa njiani vinakuja.

Nikakunja ubao.
Mwisho wa dodoso kuna mstari mmoja,
Maoni ya mdodosaji, si lazima kujaza.
Ofisini hakuna anayeusoma. Najua, ofisi ni yangu.
Nikaandika: kuna daraja.
Mashine ikaniambia nafasi imekwisha,
nikafuta, nikaanza upya.